Mwalimu Febronia Salvatory na Boksi la Rangi

Mbele ya Mungu aonaye sirini, na mbele yenu mliotoka Kibaoni, Lumemo, Mbingu na mbali zaidi, familia inawasomea maisha ya mwalimu Febronia Salvatory kwa sauti ya kaka yake, katekista Telesphory, kama alivyoagiza marehemu mwenyewe, bila kupunguza na bila kupamba.

Febronia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 kijijini Mbingu, mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu mzee Salvatory na marehemu mama Restuta, wakulima wa mpunga, akabatizwa akiwa na siku tisa tu, kwa kuwa mama yake hakuamini kama angeifikia ya kumi.

Alisoma hapohapo Mbingu, darasa la kwanza hadi la saba, mwaka 1970 hadi 1976, akachukuliwa mafunzo ya ualimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na tarehe 1 Julai 1979 akashika chaki, asiiache kwa miaka arobaini na mitatu katika shule tatu za bonde hili, hadi alipostaafu Agosti 2022, na wapo hapa watu wenye wajukuu ambao wakisikia kikohozi kama chake hukaa wima mpaka leo.

Tarehe 24 Novemba 1984 alifunga ndoa na Melkiori, fundi baiskeli wa Kibaoni, wakajaliwa watoto wawili, Rosemery na Lukelo, na wajukuu watano, na Melkiori akatangulia mbele za haki tarehe 6 Machi 2011.

Tangu mwaka 1998 alifundisha dini watoto wa kigango chetu kanisani kila Jumamosi, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa msamaha, akichora kwa mkono wake Yusufu akiwakumbatia nduguze, baba akimkimbilia mwana mpotevu, Zakeo akishuka mtini, kisha akapeleka michoro kutolewa kopi dukani kwa mzee Zubeiri, aliyemtania kila mara, “Mwalimu, huyu Yusufu wako mbona wiki hii kanenepa, Misri kuna njaa ati,” naye akajibu, “Mzee, huyo ni waziri, ulitaka akonde?”, na watoto wakapaka rangi huku wakijifunza kwamba aliyekosa hurudi, na aliyekosewa hufungua mlango.

Sasa yafuatayo wapo ndugu waliosihi yarukwe, lakini nabii Nathani hakuruka kosa alipotumwa kwa mfalme Daudi, na marehemu hakutuachia ruhusa hiyo.

Wakati wa masika ya mwaka 2023, maji yalipoingia nyumbani kwake Lumemo, Febronia alipandisha vitu darini kwa haraka, na miongoni mwavyo lilikuwemo boksi jipya la kalamu za rangi ambalo kigango kilipewa kwa ajili ya watoto, kisha magunia ya mpunga yakapandishwa juu yake, naye akasahau, na maji yalipokauka akalitafuta kila mahali isipokuwa kwake, na Jumapili ya tarehe 11 Juni 2023, mbele ya waumini wote, akasimama akasema kwamba msaidizi wake, Noela, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la vifaa vya watoto, na kwamba asiyeogopa kuwaibia watoto hamwogopi Mungu, na viongozi wa kigango, ambao wengi wao wamekaa hapa viti vya mbele, wakamwondoa Noela siku hiyohiyo bila hata kumuuliza.

Jumamosi ya tarehe 20 Julai 2024, akishusha gunia la mwisho ili mpunga upelekwe mashineni, Febronia aliliona boksi, likiwa limefungwa vilevile, akalifunika kwa turubai, akaenda kufundisha, na siku hiyo picha ilikuwa ya mwana mpotevu, na binti wa Noela, Aurelia, mwenye miaka minane, aliponyoosha mkono, wenzake wakamwambia, “Mtoto wa mwizi asishike nyekundu, ataondoka nayo,” naye mwalimu, aliyejua kila kitu tangu asubuhi, akasema tu, “Nyamazeni mpake rangi,” na Aurelia hakuja tena.

Alikaa na neno hilo mifupani miezi saba, na mwezi Februari 2025 akaenda kwa Noela, akapiga magoti jikoni, akaungama, naye Noela akamwinua akisema, “Mwalimu, shikamoo, inuka, mimi nilishakusamehe siku nyingi, lakini hukuniita mwizi hapa jikoni, uliniita kanisani, kaseme kulekule wanangu wasikie,” Febronia akaahidi, akasema Kwaresima ipite, kisha komunyo ya kwanza isiharibiwe, kisha mgeni wa jimbo aondoke, na kila Jumapili alikwenda madhabahuni na sadaka yake mkononi, huku akijua Bwana alimwamuru aiweke chini akapatane kwanza.

Alhamisi ya tarehe 9 Oktoba 2025 alipatwa na kiharusi, kikamnyima ulimi na mkono wa kulia, akalazwa wiki tano, Noela akaja mara tatu akaketi kando ya kitanda, na Febronia akalia tu, hata Desemba akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kama za darasa la kwanza, “NOELA HAKUIBA. SOMENI,” na tarehe 3 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akafariki nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Lumemo waliombeba, walimu wenzake, wanajumuiya, na mzee Zubeiri aliyefunga duka leo.

Noela yupo hapa, amekaa na akina mama upande wa jikoni, na binti yake yuko naye, nasi hatumwombi ajibu wala alie kwa ajili yetu, tunasema tu, mbele ya watu walewale waliosikia lile la kwanza, kwamba hakuiba kitu, kwamba marehemu alimsingizia, na kwamba sisi tuliopiga makofi siku ile bado tuna midomo ya kumwomba radhi.

Febronia, dada yetu, umesemewa ulilopaswa kulisema mwenyewe ungali hai, na Mungu anajua kama limetosha. Pumzika kwa amani.