Bolti Nne za Fundi Obura

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti karibu na redio. Aliye jikoni na apunguze moto kidogo, mboga isije ikaungua kwa sababu yetu.

Leo tunamkumbuka fundi Obura wa Kitengela. Fundi Obura alifariki mwezi wa Machi mwaka huu wa 2006, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Homa ya mapafu ilimlaza siku tisa tu. Amemwacha mkewe, Jentrix, ambaye wengi tunamwita Mama Cindy, na binti yao, Cindy.

Wengi mlimjua kwa kazi moja. Ni yeye aliyefunga mota ya umeme kwenye pua ya mashua, katika bwawa la Mzee Muturi, njia ya kwenda Kajiado. Kazi hiyo aliifanya mwaka 1998. Mota hiyo iko palepale hadi leo.

Lakini habari ninazowasimulia sikuzipata kwa mjane peke yake. Nyingi nililetewa na mtu aliyemwonea Obura wivu mkali kwa miaka minane. Mtu huyo ni Githongo, seremala, aliyepakana naye kibanda kwa kibanda. Alikuja hapa studioni kwa miguu yake, kofia mkononi, akaniomba nisimfichie chochote. Basi sitamfichia.

Obura alifika Kitengela mwaka 1991. Alitengeneza pampu, redio, cherehani na mikokoteni. Hakuchagua kazi. Kibanda chake kilikuwa cha mabati kuukuu, ila mlango wake ulikuwa wa ajabu. Ulikuwa wa mvule, mnene kama vidole vitatu, umepakwa rangi ya kijani na kuandikwa kwa herufi nyeupe: OBURA FUNDI. Asubuhi aliung'oa, akaulaza juu ya mapipa mawili, ukawa meza yake ya kazi. Jioni aliurudisha mahali pake.

Githongo aliuona mlango ule siku ya kwanza, na siku ya kwanza moyo ukamwuma. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mbao. Yeye ndiye aliyejua thamani ya mvule. Kila asubuhi alisikia mlango ule ukitua juu ya mapipa, na kila asubuhi alijiuliza kwa nini ubao mzuri namna ile ulilazwa chini ya vyuma na mafuta machafu ya mtu anayetengeneza redio.

Hata hivyo, wivu ule wa kwanza ulikuwa mdogo. Mkubwa ulikuja baada ya mvua.

Mnakumbuka mvua za El Nino, mwisho wa mwaka 1997. Bwawa la Mzee Muturi lilijaa hadi likapanuka kama uwanja wa mpira mara tatu. Mzee akatia samaki. Kisha akamwita Githongo amtengenezee mashua ya mvule ya kuvulia. Githongo hakuwa amewahi kutengeneza mashua, lakini mikono yake ilijua mbao. Watu walisimama kando ya barabara kumtazama akikunja mbao kwa mvuke. Alifurahi mno. Alizungumza na kila aliyesimama.

Hapo ndipo alipokosea. Tepu yake ya kupimia ilikuwa imekatika mwanzoni. Sentimita kumi za kwanza hazikuwepo, kwa hiyo kila alipopima ubao wa kukata alipaswa kuongeza kumi. Siku ile, kwa kuzungumza na watazamaji, alisahau kuongeza kumi. Mbao mbili za mwisho zikawa fupi. Mvule mwingine haukuwepo. Angeweza kumweleza Mzee Muturi. Badala yake alichukua saiprasi, mbao laini anazotengenezea vitanda, akaziba nazo kifuniko cha pua, ile sehemu ya juu pale mbele. Kisha akapaka vanishi nyekundu, na jicho la mtu lisingeweza kutofautisha.

Kifuniko kile kilitosha kukanyagwa. Hakikutosha kufungiwa kitu kizito. Lakini nani angefunga kitu kizito puani mwa mashua?

Mwanzoni mashua ilikuwa na injini ya petroli, nyuma. Ilinguruma. Ng'ombe wa majirani waliokuja kunywa maji walitimka hadi barabarani, na wafugaji wakaja kulalamika. Walisalimiana na mzee vizuri kwa Kimaasai, sopa na ipa, kisha wakamwambia wazi kwamba samaki wake hawawezi kuwanyima ng'ombe maji. Mzee Muturi aliona wana haki. Alitafuta huku na huku, akarudi na mota ndogo ya umeme inayotumia betri kama ya gari. Mota hiyo haifungwi nyuma. Hufungwa mbele, kwenye pua, na huivuta mashua polepole bila kelele, mvuvi akiwa anatupa ndoano.

Githongo aliosha mikono, akavaa shati safi, akangoja kuitwa. Aliyeitwa ni Obura.

Alimwendea mzee kuuliza sababu. Mzee Muturi alimjibu bila ubaya wowote. "Githongo, wewe ni mtu wa mbao. Huyu ametoka upande wa ziwa. Maboti anayajua tangu utoto."

Wasikilizaji wapendwa, nilipomsomea Mama Cindy maneno hayo, alicheka hadi akajifuta macho. "Ziwa gani? Baba Cindy amezaliwa Mumias, katikati ya miwa. Ziwa aliliona kwa kalenda. Hata kuogelea hakujua."

Githongo hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba mashua aliyoizaa yeye ingetobolewa pua na mtu mwingine. Pia alijua kuna saiprasi chini ya vanishi. Angemwambia Obura, angekuwa amekiri kosa lake. Asipomwambia, bolti zingeng'oka siku moja, mota ingezama, na jina ambalo lingezama nayo ni la Obura. Alikaa na mawazo hayo usiku kucha. Asubuhi alikwenda bwawani, akisingizia kukagua rangi, na hakusema neno.

Alisimama kando akatazama. Alitamani kuona mtu asiyejua kazi. Hakumwona. Obura aliomba mashua itiwe majini kwanza, aone pua inasimama juu kiasi gani. Alikata umbo la kitako cha mota kwenye katoni, akaliweka puani, akalisogeza kushoto kidogo ili mota ikikunjwa ilale bila kugonga ubavu. Betri aliiweka nyuma, ili uzito usiizamishe pua. Kisha mashua ikavutwa ufukweni. Akachukua drili ya mkono, akatoboa tundu la kwanza.

Unga wa mbao ulitoka mweupe, si wa kahawia kama wa mvule.

Obura aliukinga kwa kiganja. Akaunusa. Akainua macho, akamtazama Githongo kwa muda ambao Githongo anasema ulikuwa mrefu kuliko ibada ya Pasaka. Kisha akaupuliza unga ule ukaenda na upepo.

"Kuna shida, fundi?" Mzee Muturi akauliza.

"Hakuna shida, mzee. Nipatie siku moja zaidi. Nataka bolti ndefu kidogo."

Jioni ile Githongo aliwaambia watu sokoni kwamba mtu wa ziwa anahitaji siku mbili kwa bolti nne. Watu wakacheka. Ndani yake aliogopa. Alingoja aitwe na mzee aulizwe habari ya saiprasi. Hakuitwa. Basi akajifariji kwamba Obura ameunusa unga ule bila kuuelewa.

Mota ilifungwa kesho yake. Mzee Muturi alizunguka bwawa zima, na ng'ombe waliokuwa wakinywa maji hawakuinua hata vichwa. Habari ikaenea hadi Isinya. Obura akaanza kuitwa Fundi wa Mota.

Jambo lingine lilitokea wiki hiyohiyo. Kibanda cha Obura kilipoteza mlango. Mahali pa mvule palikuwa na bati lililofungwa kwa waya. Githongo, ambaye majirani humwita Baba Caro, hakujizuia.

"Jirani, siku hizi unafunga duka na kifuniko cha sufuria?"

"Baba Caro, mwizi akiona hii bati atajua ndani hakuna kitu," Obura akamjibu, na akaendelea na kazi yake.

Nyumbani kwa Obura hakukuwa na kicheko. Mama Cindy alikuwa na wivu wake pia, na amenipa ruhusa kuusema. Mlango wa mvule hutoa kitanda kizuri. Mke alijiuliza ni mwanamke gani, wa mitaa ya Tuala au Kware huko Rongai, anayelala juu ya mlango wa mumewe. Alimwuliza mara nyingi, kwa upole na kwa ukali. Obura alikuwa na jibu moja tu: "Mlango uko kazini." Mama Cindy aliacha kuuliza, lakini kila alipokwenda Rongai alitazama vitanda vya watu.

Miaka ikapita. Githongo alingoja bolti zing'oke. Mwaka 2000 ukame ulikausha bwawa, mashua ikawekwa juu ya mawe, naye akafurahi kwamba jua litaipasua saiprasi. Mvua zikarudi, mashua ikarudi majini, mota ikavuta kama kawaida. Aliacha kumsalimia Obura. Aliwaambia wateja kwamba kazi ya jirani yake haidumu. Mkewe, Mugure, alichoka kusikia jina lile mezani, akamwuliza, "Baba Caro, umeoa mimi ama umeoa Obura? Hata ugali siwezi kula bila kumsikia."

Na Obura? Obura alimsalimia kila asubuhi. Miaka minane. "Habari ya asubuhi, jirani." Githongo anasema salamu ile ilimchoma kuliko tusi.

Obura alifariki siku ya Jumatatu. Alhamisi, familia ikijiandaa kumsafirisha Mumias kwa mazishi, Mzee Muturi alimwita Githongo. Waya wa mota ulikuwa umeungua, naye alitaka mota ifunguliwe ipelekwe Nairobi. Fundi wake hakuwepo tena. Kwa mara ya kwanza, Githongo aliitwa yeye.

Alilala chali ndani ya mashua, akaingiza kichwa chini ya kifuniko cha pua, spana mkononi. Alitarajia kuona saiprasi iliyopasuka na nati zilizozama ndani yake. Hakuiona saiprasi. Alichoona ni ubao mpana, mnene kama vidole vitatu, uliochongwa ukaenea puani kutoka ubavu hadi ubavu, umekazwa kwenye mvule wa mbavu zote mbili, na saiprasi yake imebanwa kati ya ubao na mota kama mgonjwa aliyeshikwa mabega. Bolti nne ndefu zilipita mbao zote na kukazwa chini ya ubao ule. Ubao ulikuwa na rangi ya kijani. Kwenye kijani kulikuwa na herufi nyeupe tatu: OBU.

Githongo alipapasa herufi zile moja moja, spana imelala kifuani. Mzee Muturi alidhani amezirai.

Alipotoka, hakuwa amefungua hata nati moja. Alimweleza mzee kila kitu: tepu, mbao fupi, vanishi, unga mweupe, unyamavu wake. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba mwaka ule Obura alimwomba jambo moja tu, kwamba asimruhusu mtu kusema vibaya juu ya mashua ile, kwa kuwa imetengenezwa na fundi mzuri.

Githongo aliniambia kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomvunja. Alikuwa ameyangoja kutoka kwa mtu yeyote, na yalikuwa yamesemwa na Obura, kibanda cha pili, siku zote hizo.

Ijumaa alikwenda kwa Mama Cindy. Hakuweza kueleza vizuri. Alimwomba tu aende naye bwawani. Mama Cindy, mwenye nguo zake za msiba, alilala ndani ya mashua akaingiza kichwa chini ya pua. Githongo alisimama nje, akangoja kulaaniwa.

Alisikia kicheko kwanza. Baadaye akasikia kilio.

"Mama Cindy," Githongo akasema, "nikuondolee mlango wako? Nitaweka mvule mwingine. Ni kazi ya siku moja."

Mama Cindy alitoka, akajipangusa vumbi begani. Aliitazama mota. Aliwatazama ng'ombe waliokuwa wakinywa ng'ambo.

"Wacha, Baba Caro. Uko kazini."

Waya ulitengenezwa palepale, mota ikiwa mahali pake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote walio hapa studioni, natoa pole kwa Mama Cindy, kwa Cindy, na kwa jamaa wote wa Kitengela na Mumias. Mungu awape utulivu. Natoa pole pia kwa Githongo, kwa sababu naye amefiwa na jirani.

Kabla ya kuzima taa leo, kila mmoja wetu na amfikirie mtu mmoja ambaye jina lake likitajwa, moyo wake hukunjamana. Ajiulize ni kitu gani chake mwenyewe ambacho bado kimesimama, na hajawahi kuangalia chini yake aone ni nani anayekishikilia. Kisha asubuhi, mtu huyo akimsalimia, aitikie.