Don Tacho Aliyefurahi Kukimbiwa

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka kumi na mitatu ya kuwalisha kwa siri jagwa, wale paka wakubwa wenye madoa, wa kituo chetu cha vinamasi vya Iberá, Don Anastacio Ledesma, tuliyemzoea kwa jina la Don Tacho, anastaafu.

Alikuja kwetu akiwa mchunga ng'ombe, mpiga kodiani na msemaji asiye na breki. Kazi tuliyompa ilitaka kinyume chake. Watoto wa jagwa watakaorudishwa mwituni hawatakiwi kumwona wala kumsikia anayewalisha, maana jagwa aliyezoea watu huishia kwenye bunduki ya mfugaji. Don Tacho akajifunza kusukuma nyama kwenye tundu la ukutani bila hata kukohoa. Mkewe, Doña Eulogia, aliona wivu: “Hao jagwa wana bahati. Mimi huku nyumbani hanipi hata nafasi ya kupiga chafya.”

Uzalendo ulimshinda mara moja tu. Jumapili moja mashua ilipita karibu, redio ikipiga chamamé, muziki wetu wa kodiani, na Mkorientino gani, mtu wa mkoa wetu, atajizuia? Akaachia sapukai, lile yowe letu refu la furaha, nyama ikiwa mkononi. Kamera ikamwonyesha Yvoty, jike wa mwaka mmoja, akija ukutani. Kesho yake akasubiri palepale.

Mkurugenzi wetu, Daktari Noemí Barrios, hakumgombeza. “Don Tacho,” alimwambia, “akishazoea sauti yako, huyu hatoki humu mpaka anakufa.”

Don Tacho akahamishiwa bohari kwa miezi minane, ili Yvoty aisahau sauti yake. Alinenepa, kwa sababu huzuni yake yote huishia kwenye mikate ya jibini.

Siku ya kumjaribu Yvoty kama bado ataifuata sauti ile, ilibidi Don Tacho asimame wazi mbele ya uzio na kupiga yowe lilelile. Tulikuwa roho mkononi. Yvoty alimtazama, akalaza masikio, akageuka na kutokomea majanini. Don Tacho alirudi machozi yakimtiririka.

“Kanikimbia, jamani,” alisema. “Kanikimbia kama mwizi kaona polisi.”

Septemba iliyofuata Yvoty alifunguliwa lango. Leo ana watoto wawili huko vinamasini, mahali ambapo babu zetu ndio waliokuwa wa mwisho kuona jagwa.

Asante, Don Tacho. Nenda ukaongee mpaka Doña Eulogia atukimbilie huku. Tunakuombea afya, wajukuu wengi na siku za raha. Yvoty hakujui kabisa, lakini sisi tunajua ulivyompenda.