Bi Pindo Hakuogopa Kisu

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi mliofanya kazi na marehemu, poleni, na asanteni kwa kufika. Huu ni wasifu wa dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bi Pindo. Umeandikwa na mdogo wake, mlinzi wa ghala, ambaye hajazoea kusimama mbele za watu. Mumvumilie akisoma polepole.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 3 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Alianza shule mwaka 1976 na kumaliza darasa la saba mwaka 1982. Nafasi ya sekondari hakupata. Kiingereza alichotoka nacho darasani kilikuwa cha mlango na dirisha, basi.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hoteli, ghorofa ya chini, jirani na mashine za kufulia. Nguo za wageni ziliteremshwa zikiwa na kijikaratasi kilichobanwa kwa pini, kimeandikwa Kiingereza. Wiki yake ya kwanza lilishuka gauni lenye maneno mawili tu, "take in". Bi Pindo alijua "take" ni chukua, na "in" ni ndani. Akalichukua gauni, akaliingiza kabatini, akafunga kwa ufunguo. Siku ya tatu mgeni alilijia, akalikuta pana vilevile. Msimamizi akafoka mpaka sauti ikamkauka. Kumbe mgeni alitaka gauni libanwe ubavuni.

Siku hiyohiyo Bi Pindo alinunua daftari. Akaandika kwamba "take in" ni kubana, "let out" ni kuachia mshono, "take up" ni kupandisha pindo, na "let down" ni kulishusha. Miaka thelathini na sita aliyofanya kazi pale hakuharibu nguo nyingine. Mafundi wapya aliwafundisha yeye, na alikuwa na maneno yake ambayo waliokaa naye meza moja wanayakumbuka: "Lile neno kubwa la mbele ni mume, anajulikana na kila mtu. Kale kadogo ka nyuma ndiko mke. Ukitaka kujua mambo ya nyumba ile, muulize mke."

Mwaka 1990 aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mzaha kama yeye. Walijaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2011, na dada alisomesha watoto peke yake kwa cherehani.

Sasa kuhusu ugonjwa. Katika kikao cha familia ilipendekezwa kwamba hapa paandikwe "aliugua kwa muda mfupi". Mdogo wake amekataa kuandika hivyo, kwa sababu si kweli. Bi Pindo aliugua tangu Aprili mwaka huu. Pia wapo waliosema jana, wakiwa wamekaa kwenye viti vya familia hii na kunywa chai ya familia hii, kwamba aliitwa kupasuliwa akaogopa kisu, akajificha nyumbani. Hao nao wasikilize.

Uvimbe wa tumboni ulionekana mwezi wa nane, na hospitali ikampa tarehe ya kupasuliwa, 14 Oktoba. Alifurahi. Alishona khanga mbili za kulalia wodini, akakataza watoto wake walio mbali wasiambiwe mpaka siku ikikaribia. Tarehe 15 Septemba ikaja barua ya hospitali. Ilisema upasuaji umekuwa "brought forward by two weeks". Tarehe mpya haikuandikwa.

Dada na mdogo wake waliisoma wote wawili, mezani, daftari likiwa wazi. "Brought" ni kuletwa. "Forward" ni mbele. Upasuaji umesogezwa mbele wiki mbili. Hebu kila aliyepo hapa ajiulize: ukiambiwa kikao kimesogezwa mbele, unakwenda mapema au unasubiri? Walihesabu kutoka tarehe 14, wakapata tarehe 28 Oktoba. Katika daftari neno hilo halikuwamo, maana hakuna gauni linalohitaji kuletwa mbele.

Hata hivyo mdogo wake alikwenda kuuliza. Hili halijulikani, na leo lijulikane. Alipanga foleni kwenye dirisha la masjala tangu saa moja asubuhi. Alipofika mbele, karani hakuinua uso. Alisema kila kitu kimeandikwa kwenye barua, kasome. Mdogo wake alijaribu kusema kwamba ameisoma. Waliokuwa nyuma wakacheka. Akatoka kwenye foleni, akarudi nyumbani, akamwambia dada yake kwamba tarehe ni ileile waliyohesabu. Uongo huo ni wake, na ameubeba mwenyewe.

Tarehe 28 Oktoba walifika na mfuko wa khanga. Karani yuleyule akafungua faili, akasema, "Mama, wewe ulikuwa wa tarehe thelathini mwezi uliopita. Daktari alitaka uwahi. Hukutokea."

Dada akamwonyesha barua. Akanyoosha mkono kwenda mlangoni, kisha ukutani, akauliza, "Mwanangu, mbele kwenu ni huku au huku?"

"Si mngeuliza, mama."

Dada alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alitazama chini. Wakiwa kwenye benchi la ukumbini dada alimshika mkono akasema, "Kumbe mbele yao ni nyuma. Mimi ndiye fundi, ilinipasa nijue." Ilimpasa? Aliyeandika barua ile husalimia kwa Kiswahili. Karani hufoka kwa Kiswahili. Daktari alipompapasa tumbo alimuuliza kwa Kiswahili panauma wapi. Ni tarehe tu, kitu ambacho uhai wake ulikitegemea, ndiyo iliyobidi iandikwe kwa lugha ya wageni wa hotelini.

Alipewa tarehe nyingine, ya Desemba. Alifariki nyumbani kwake Jumatano tarehe 19 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Hakuogopa kisu. Wiki nne alikaa na mfuko wake tayari mlangoni, akisubiri siku iliyokwisha kupita.

Ameacha mtoto wa kiume, dereva wa lori. Binti, mpishi wa shule ya bweni. Wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja.

Faili lake hospitalini bado linasema hakutokea. Jumatatu saa moja asubuhi mdogo wake atakuwa kwenye dirisha lile, na barua mkononi, kuomba neno hilo lifutwe na liandikwe lililotokea. Safari hii wakicheka, wacheke, hatatoka kwenye foleni. Anayetaka kufuatana naye anakaribishwa.

Dada, wewe pumzika kwa amani. Hii kazi tuachie sisi.