Fundi Kona na Simu Ambayo Mama Hakuikata

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa intaneti ya majumbani. Wateja walimwita Fundi Kona. Alifariki akiwa kazini, wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Kwa nini Kona? Hakuwa mtu wa kupimia mtandao sebuleni. Alitafuta kona ambayo mtandao unafika kwa shida kuliko zote. Kwangu alijibana nyuma ya friji, mwanangu akimvuta suruali, akampigia mama yake simu ya video.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona, baba. Umekonda. Hao watu hawakupi hata chai?"

Nilicheka, nikabandika chai haraka haraka.

Mama huyo ndiye aliyekuwa kipimo chake cha mtandao. Kwenye faiba, alisema, mama anakugombeza papo hapo. Modemu ya laini ya simu ni nzuri asubuhi. Jioni majirani wakirudi na kuingia mtandaoni, mama anakuja vipande vipande. Dishi la setilaiti hufika pasipofika waya, ila mvua hulisumbua na maneno hukawia. Basi akamzoesha: "Nikiwa kwenye dishi, mama, picha ikiganda usikate. Nisubiri."

Siku aliyofariki alikuwa akifunga dishi juu ya paa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, bati limelowa. Kamba ya usalama ilibaki kwenye gari. Ndiyo, wasikilizaji, kamba ilibaki kwenye gari. Mwenye nyumba alikuwa ametoka. Fundi akampigia mama yake, akaiegemeza simu kwenye mguu wa dishi, akaze nati kwa mikono miwili.

Mama yake aliniambia hivi: "Aliuliza, mama unaniona? Nikamjibu, nakuona. Halafu akatoka kwenye picha. Ikabaki mbingu, rangi moja, haitikisiki. Nikasema, ndiyo mambo ya dishi hayo. Nikasubiri dakika ishirini. Sikukata."

Picha haikuwa imeganda. Fundi Kona alikuwa ameanguka nyuma ya nyumba.

Daktari amemwambia mama kwamba dakika zile zisingemwokoa. Mama bado anauliza.

Kwako mama, na kwa dada zake wawili, poleni sana. Hukukosea, mama. Ulifanya alivyokuomba.

Nanyi mlio nyumbani, faiba, modemu au dishi, chagueni mnachokiweza. Ila fundi akipanda juu, muulizeni kamba iko wapi. Msimwache peke yake. Simameni chini ya ngazi, msiondoke mpaka ajibu, mkimwita:

"Fundi, upo?"