Muuguzi Aliyewafunua Wagonjwa Blanketi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka muuguzi wa wagonjwa mahututi, mama ambaye ndugu wa wagonjwa walimbandika jina la Mama Barafu. Jina lenyewe hakulipenda, ila aliliitikia.

Kazi yake ilikuwa hii. Moyo wa mtu umesimama, madaktari wameuamsha, lakini mwenyewe hajazinduka. Basi anapewa dawa ya usingizi na mwili wake unapozwa, ili ubongo uliokosa hewa usizidi kuumia. Baadaye anarudishiwa joto polepole. Wengine huzinduka, wengine hawazinduki. Hilo Mama Barafu alilisema wazi, hakumficha mtu.

Shida ilikuwa blanketi. Ndugu wakimgusa mgonjwa wao wakamkuta baridi, wanamfunika. Yeye anamfunua, tena kwa ukali. "Unamharibia! Haya, nje!" Ndivyo alivyokuwa.

Halafu yakamfika mwenyewe. Mumewe, fundi seremala, alianguka karakanani, moyo ukasimama. Mwenzake alimbonyeza kifua mpaka gari la wagonjwa likafika. Akalazwa wodi ileile, akapozwa vilevile. Wifi mtu akaingia na shuka begani.

"Wifi, kaka anaganda na wewe unamtazama tu? Mke gani wewe?"

"Mwache hivyohivyo. Nataka azinduke na akili zake."

Wifi akaitupa shuka kitini, akatoka akisonya. Mama Barafu akabaki na mumewe. Akaushika mguu wake, akausikia ulivyo baridi. Wasikilizaji, mama huyuhuyu aliyefukuza watu miaka yote aliichukua ile shuka, akamfunika mumewe mpaka kidevuni.

Muuguzi wa zamu, aliyefundishwa kazi na yeye, akaja akaifunua. "Dada, nenda nje. Leo wewe ni mke."

Akatoka. Akakaa benchi moja na wifi yake, wakalia wote wawili. Aliporudi kazini hakumfokea tena ndugu wa mgonjwa. Alimvutia kiti na kumwambia, "Mkono wake huu hapa, ushike. Mengine tuachie sisi."

Na mume? Alizinduka. Mkewe alimwinamia, roho mkononi. "Mimi ni nani?"

Mzee akamtazama, akamtazama. "Mwenye kelele."

Mke alicheka huku machozi yanamtoka. Basi ikawa ndiyo salamu ya nyumba yao. Kila asubuhi mke anauliza, mume anajibu vilevile, miaka yote.

Mama Barafu alifariki dunia wiki iliyopita kwa saratani. Tunampa pole wifi yake, aliyemuuguza hadi mwisho. Tunawapa pole wenzake wa wodini. Na tunampa pole mumewe, ambaye alituambia hivi: "Mimi ndiye niliyekuwa wa kuondoka. Sasa naamka, najibu, na hakuna aliyeuliza."

Wasikilizaji wapendwa, hebu tulitafakari hilo. Kama kwako yupo anayekuuliza jambo lilelile kila siku mpaka unachoka, kesho mjibu vizuri.