Nyumba Arobaini na Moja za Mzee Kitambaa

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, fundi mkuu wa kamera za ulinzi za nyumbani anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti. Wateja wanamjua kama Mzee Kitambaa, na wengi wetu humu ofisini jina la kwenye kitambulisho chake tumelisoma kwa mara ya kwanza kwenye kadi ya mwaliko wa sherehe hii. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu nimekaa naye meza moja kwa miaka kumi na tisa, na kwa sababu nyumba zake arobaini na moja sasa zinakuja mikononi mwangu. Meneja ameshasema bila kuzunguka: wateja hao wakiondoka na mzee, kitengo cha nyumbani kitafungwa, na mimi nitahamia bohari kupanga nyaya. Kwa hiyo naandika nikiwa na furaha ya mwenzetu na presha yangu mwenyewe.

Alikuja kwetu akitokea studio ya picha, mwenye cheti cha chuo, shati lililopigwa pasi na sauti ya kutangaza taarifa ya habari. Enzi hizo tulikuwa tunarekodi kwenye kanda. Jina la utani alilipata kutokana na kitambaa laini cha bluu kinachokaa kwenye mfuko wa shati lake mpaka leo. Ukimwita kwa sababu picha ni mbovu, hagusi mashine ya kurekodia. Anaomba ngazi, anapanda, anafuta lenzi. Ametoa vumbi, utando wa buibui, na nyumba moja alikuta karatasi ya plastiki ya kiwandani bado imebandikwa juu ya lenzi. Mwenye nyumba alikuwa ameiacha kwa miaka miwili ili kamera isichubuke.

Mimi sikupita chuo. Nilijifunza kwa kufungua mashine mbovu sebuleni kwa mama mdogo mpaka akanihamishia stoo. Nasema nilichopima. Katika malalamiko kumi ya picha mbovu, matatu ni lenzi, moja ni waya au umeme usiofika vizuri, na sita yako ndani ya mashine ya kurekodia. Aliyeifunga ameibana irekodi kwa ubora wa chini ili diski itunze siku nyingi. Ndiyo maana mtu akitazama kinachoendelea sasa hivi anaona mpaka ndevu za mgeni, lakini akirudisha ya jana anaona uji. Hayo sita nimeyatibu mimi. Sifa za yote kumi zimekwenda kwa kitambaa.

Nitoe mfano. Kuna bibi mmoja wa nyumba ya kona, mashine yake ilikuwa inarekodi kwa kilobiti 512 kwa sekunde, picha sita kwa sekunde. Nikaipandisha hadi 4,000 na picha kumi na tano, nikabadilisha diski iliyochoka, nikafuta na lenzi zote nne, nikaondoka. Jioni mzee akapita kumsalimia tu, akazifuta tena. Kesho yake bibi akampigia dada wa mapokezi: “Kile kijana chenu kilikuja kunichafulia meza asubuhi nzima. Mzee kaja kafuta mara moja, picha hiyo imenyooka.” Nilikuwa na miaka arobaini na nne. Dada wa mapokezi hajaacha kuniita Kijana wa Asubuhi.

Hata hivyo, lipo moja ambalo sina namna ya kumnyang’anya. Mwenye duka la vigae alipoteza pampu ya maji nyumbani kwake. Kwenye rekodi alionekana mtu mwenye kofia pana akiinama karibu na tangi, kisha akaondoka amebeba kitu. Uso haukuonekana kabisa, ni kama umepakwa kwa kidole. Kofia kama ile ilivaliwa na mtunza bustani, baba wa watoto watatu, na mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia afungashe. Nilitumwa mimi kwanza. Nikamweleza ukweli, kwamba sura ambayo mashine haikuirekodi haipo, na hakuna fundi wa kuivuta kutoka hewani. Akanitazama kana kwamba pampu nimeiba mimi. Nikachukua bisibisi nipande kuielekeza kamera vizuri, angalau siku zijazo tuone nyuso.

Mzee akaingia wakati huohuo. “Mdogo wangu, shuka kwanza. Ukiigeuza hiyo, shahidi wetu ameondoka.”

Akamwomba mtunza bustani avae kofia yake, aende pale pale penye tangi, ainame, ainuke, aondoke. Mtunza bustani akaanza kwa hatua fupi za kujihesabia. Mzee akamtania kwamba atembee kama mwizi, siyo kama bwana harusi. Tukarekodi kwa ubovu ule ule, kamera pale pale, kisha tukaweka picha mbili sambamba kwenye kioo. Kofia ya kwenye rekodi iliishia chini ya dirisha la jikoni lililo nyuma ya tangi. Kofia ya mtunza bustani iliziba nusu ya nondo za dirisha.  Halafu mke wa mwenye duka akasema polepole, “Hapa nyumbani mfupi ni mmoja tu,” akampigia kaka yake anayeishi nao. Shemeji mtu akajibu bila wasiwasi kwamba pampu iko kwa fundi, ilikuwa inaunguruma kila akioga akaona aipeleke ikatazamwe, kofia ilikuwa ya kujikinga na jua, kuaga alisahau. Mtunza bustani akakaa chini kwenye ngazi yangu, akafunika uso kwa kofia.

Ile hesabu ya kulinganisha vimo ilipaswa kuwa yangu. Namba ni zangu, kupima ni kwangu. Aliyeifanya ni mpiga picha. Imeniuma na bado inaniuma, na mtunza bustani yuko kazini hadi leo.

Mzee amefundisha mafundi tisa. Wanne wamefungua maduka yao, na wakikwama wanampigia yeye. Kampuni ilikuwa na nyumba sita alipoanza. Nyingine ameziongeza yeye, nyingi kwa kukubali kikombe cha chai ambacho mimi huwa nakikataa kwa sababu nina nyumba nyingine ya kwenda.

Mwezi huu tumezunguka pamoja kukabidhiana. Kila mlango alisema maneno yaleyale: “Huyu ndiye aliyetengeneza mashine yenu miaka yote. Mimi nilikuwa nafuta kioo.” Nilisubiri maneno hayo kwa miaka kumi na tisa. Kwenye nyumba ya kona bibi aliyasikia, akamshika mzee mikono miwili, akalia kidogo, akasema hajaona mtu mnyenyekevu kama yeye. Hata alipokuwa ananirudishia sifa zangu, aliyependwa zaidi ni yeye. Mimi niliambiwa nisikanyage zulia.

Mzee wetu, asante kwa uvumilivu, kwa mizaha ya juu ya ngazi, na kwa kutokunijibu siku nilizokuwa na hasira nawe. Mkeo ametuambia ana mpango wa kukupumzisha, nasi tunamuunga mkono. Upate afya, usingizi wa mchana na wajukuu wa kukuchosha kwa raha. Nina ombi moja tu la kikazi. Nyumba zote arobaini na moja zina namba yako ya simu. Zikikupigia, iache iite. Usipopokea watanitafuta mimi, na nitakwenda, na safari hii chai nitakunywa.