Kadi Anayodai Leonardi

Wazazi wetu, majirani, wafanyakazi wenzake na baba, na ninyi mliotoka Louisville na Columbus mkaendesha kwenye theluji hii, mimi ni Nadine, kitinda mimba wa marehemu, familia imenipa mimi nisome. Ile karatasi ya ofisi ya huduma ya Injili mmeipokea mlangoni, hiyo siisomi, nasoma hii niliyoandika na mama jana nyumbani.

Baba yetu Leonardi Ntirandekura alizaliwa tarehe 11 Novemba 1969 Mabanda, Makamba, Burundi, mtoto wa pili wa mwalimu Dionizi na mama Isaro. Mwezi wa tano mwaka 1972 walikuja watu wa serikali shuleni na karatasi, wakasoma majina, jina la babu likasomwa, akaweka chaki chini akatoka nao, hakurudi, na bibi akambeba baba mgongoni mpaka Kigoma, Tanzania.

Alisoma Kasulu hadi darasa la sita, mwaka 1984 akaacha akaenda kulima mashamba ya watu, mwaka 1994 akaandikishwa kambi ya Mtabila, na huko tarehe 22 Agosti 1998 akafunga ndoa na mama yetu Zita, Mungu akawapa Jovini mwaka 1999, Aline mwaka 2002, na mimi mwaka 2005. Wale mmekaa kambini mnajua, jina lisipokuwa kwenye orodha siku ya mgao hamli, kwa hiyo baba alikuwa anasimama foleni kuhakikisha sisi watano tupo, na majirani wasiojua kusoma anawaandikia, kichwani mwake kumwandika mtu jina ilikuwa ni kumtendea wema. Naomba hilo mlishike.

Tarehe 3 Juni 2008 tulifika Louisville, hapa Marekani, baba akaanza kazi kiwanda cha nyama, shifti ya pili. Watu wa huduma walituletea makochi na majaketi, na mwaka 2010 wakamwomba aende nao mtaani kuwapelekea Wayahudi Neno, wakampa tisheti imeandikwa rafiki mgongoni, na mafunzo ya Jumamosi mbili, kwamba siku ya kwanza unasalimia, siku ya pili unauliza habari za watoto na unapeleka keki, siku ya tatu unafungua kitabu, na kila ukirudi unajaza kadi, jina, anwani, ana shida gani, amefika wapi. Keki ya namna hiyo mimi siili mpaka leo.

Februari 2014 tulihamia Columbus, baba akapata kazi ya ghala, na mratibu wa huduma kule alikuwa ndugu Rutebuka, yuko hapa, kiti cha mbele. Alimpanga baba asimame Jumamosi asubuhi njia ya kwenda sinagogi, na kalamu na kadi, awaombe watu waandike majina yao, na Jumamosi ni Sabato yao, wanaoishika hawaandiki. Baba hakujua, ndugu Rutebuka alijua, alisema mwenyewe kwenye mkutano kwamba picha ya mkimbizi anakataliwa inawagusa wafadhili. Miezi saba baba alikuwa anarudi nyumbani anamwambia mama, wale watu wananidharau, hata kalamu yangu hawataki kuishika.

Septemba 2018 tulikuja Buffalo, tukapata nyumba yetu Black Rock, baba akaingia kiwanda cha vipuri Tonawanda. Mwezi wa nne mwaka 2019, kituo cha basi cha Kenmore, alimpa kipeperushi mzee mmoja, Mzee Norman, yule pale nyuma karibu na mlango, Aline amekaa naye anamtafsiria, jina lake la ukoo sisemi, limeshaandikwa vya kutosha. Mzee alistaafu ufundi kwenye kiwanda hichohicho cha Tonawanda, alisoma kipeperushi chote, akamwambia baba hiki kimejaa makosa, lakini basi limechelewa, kaa tuongee. Tangu hapo kila Jumapili mchana baba alikuwa barazani kwake, anamwondolea theluji, wanasoma Zaburi, mmoja Kiebrania mmoja Kiswahili, wanabishana. Baba alimwambia habari za Yesu usoni, na mzee alikataa usoni, akasema Leonardi, Yesu umenipa mara mia, sambusa za Zita umenipa mara mbili, unaona hiyo ni haki. Baba alicheka mpaka akakohoa. Habari ya kalamu na Jumamosi pia ni mzee aliyemweleza, baba akashika kichwa.

Lakini kadi aliendelea kujaza na kuzituma ofisini Columbus. Kiingereza cha kuandika kilimshinda, kwa hiyo alikuwa anasema na mimi naandika, meza ya jikoni, nina miaka kumi na tano. Machi 2021 mke wa mzee alifariki, na mkono wangu huu ukaandika, mke amekufa, moyo umelainika, arudiwe haraka. Mnasikia inavyonuka.

Jumapili tarehe 16 Aprili 2023 mzee alimweleza baba jinsi mama yake alivyopona kule Ulaya wakati Wayahudi wanauawa, kwamba jirani aliyeambiwa apeleke majina yao hakulipeleka la huyo mama, ya dada zake watatu aliyapeleka. Baba alirudi kutoka Kenmore kwa miguu, hakula, alikaa jikoni akaniambia, Nadine, ile karatasi waliyokuja nayo shuleni kwa baba yangu, sasa nimeishika mimi. Kesho yake akaenda kumwambia mzee ukweli wote, habari ya kadi, habari ya mke. Jumapili mbili mzee hakumfungulia mlango, ya tatu akafungua, akasema nyasi zimekuwa ndefu, chukua mashine, halafu nenda uniletee hiyo kadi yangu.

Baba alikwenda mpaka Columbus kwa ndugu Rutebuka mara tatu. Ya kwanza aliambiwa kaka Leonardi, kadi ikishaingia ofisini ni ya Bwana, ya pili walimcheka, ya tatu akaonyeshwa kwamba kwenye kadi wameongeza neno ameokoka. Baba hakuacha kuamini, mpaka siku ya mwisho alisali, ila ile tisheti aliichoma nyuma ya nyumba, na alikuwa akilisikia jina la huduma anatema mate.

Januari 2024 figo zilishindwa, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na karibu miaka miwili Mzee Norman, mtu wa miaka themanini na nne, ndiye alikuwa anampeleka na gari lake. Ndugu Rutebuka alikuja hospitali mara moja, akapiga picha. Baba alifariki Alhamisi tarehe 4 Desemba 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, na neno la mwisho aliloniambia lilikuwa kuhusu kadi.

Sasa fungueni ukurasa wa tatu wa ile karatasi ya mlangoni, imeandikwa baba alimleta mzee huyu kwa Yesu, jina lote, na picha. Mzee alipewa hiyo karatasi akiwa anaingia kuja kumzika rafiki yake. Ni uongo, na mimi naona kinyaa kuushika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Black Rock mliopika na kusafisha njia, wafanyakazi wa Tonawanda mliobadilishana shifti ili mfike, na Mzee Norman.

Kwetu kabla ya kufunga sanduku msomaji anauliza nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani. Anayemdai baba tumeuliza, hayupo. Baba anadai kadi moja. Ndugu Rutebuka, juzi ulimwambia mama kwenye simu kwamba unakuja nayo uisome kama ushuhuda, mkoba wako uko hapo miguuni. Inuka, tembea mpaka kule nyuma, umpe mzee mkononi. Wabebaji wamekaa, sanduku liko wazi, na watu wa makaburini tumeshawaambia tutachelewa.

Utapumzika kwa amani, baba. Subiri kidogo tu.